Hodi Katika Nyumba Iliyochomwa



Kuondoka nyumbani si jambo geni kwetu. Watu wa pwani waliondoka kwa majahazi wakizifuata pepo za kaskazi na kusi. Watu wa bara waliondoka kwa misafara, kisha kwa reli, wakaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na katika migodi. Wengine huondoka kwenda kusoma, au kuhiji, au kuolewa. Katika safari hizo zote msafiri hutumaini kurudi na kitu mkononi, au walau na sifa. Leo twataka kuzungumza juu ya safari ya namna nyingine: safari ya kijana aliyeiacha nyumba ya wazazi wake kwa muda wa mwaka mmoja, au karibu na hapo, akaenda kufanya kazi bila mshahara kwa ajili ya imani yake, wala hakwenda kwa ndugu wala kwa rafiki, bali kwa watu ambao kizazi cha baba zake kiliwatenda mabaya. Safari hizo zilianzia katika nchi ya Ujerumani, ambayo watu wake wazee wetu wa Tanganyika waliwaita Wadachi. Tutaona baadaye kwa nini habari hii inatuhusu sisi pia.

Kwa desturi yetu mtu hafiki mlangoni pa mwenziwe akaingia tu. Hupiga hodi, akangoja. Akipiga mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka, wala hana haki ya kukasirika. Na ikiwa pana ugomvi wa damu kati ya nyumba mbili, yule aliyekosa haji peke yake. Hutanguliza mzee mwenye kuaminika apime kama kuna dalili ya kukaribishwa. Wajerumani baada ya vita vya mwaka 1939 hata 1945 walikuwa wameikosea karibu kila nyumba katika Ulaya, na kwa muda wa miaka mingi wengi wao hawakudhani kwamba ni wajibu wao kupiga hodi popote. Walikuwa na magofu yao wenyewe ya kujenga, na wafu wao wenyewe wa kulilia. Aliyesimama akasema kwamba hodi lazima ipigwe alikuwa hakimu, jina lake Lothar Kreyssig. Yafaa tumweleze kwa kirefu kidogo, kwa maana jambo lenyewe halieleweki bila kumjua mtu huyu.

Bwana Kreyssig alizaliwa mwaka 1898 katika mji mdogo wa Flöha, jimbo la Saksonia. Alipokuwa kijana alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma sheria. Hitler alipokwisha kushika nchi, Bwana Kreyssig alijiunga na Wakristo wale waliokataa kanisa lao ligeuzwe kuwa chombo cha chama kinachotawala. Kazi yake ilikuwa katika mahakama ya mji wa Brandenburg an der Havel, naye alikuwa hakimu wa watu wasioweza kujisimamia wenyewe: yatima, na wagonjwa wa akili waliokaa katika hospitali na makao ya wilaya ile. Twaweza kusema kwamba mbele ya sheria alikuwa kama walii wao.

Mwaka 1940 hakimu huyu aliona jambo la ajabu katika majalada yake. Wagonjwa waliokuwa chini ya ulinzi wake walihamishwa kutoka makao yao bila yeye kuarifiwa, na baada ya siku chache ikaja barua kwamba fulani amekufa. Kisha barua nyingine, na nyingine tena. Akafahamu kwamba watu wake wanauawa. Wala hawakuuawa mbali: katika mji uleule wa Brandenburg gereza la zamani lilikuwa limegeuzwa kuwa mahali pa kuwafisha wagonjwa kwa hewa ya sumu. Hata mpango ule uliposimamishwa mwezi wa Agosti 1941, wagonjwa zaidi ya 70,000 walikuwa wamekwisha kuuawa hivyo katika vituo sita, nao wengine wengi waliendelea kuuawa kwa dawa na kwa njaa mpaka mwisho wa vita.

Mwezi wa Julai 1940 Bwana Kreyssig alimwandikia Waziri wa Sheria. Hakuandika kwa mafumbo. Akamshitaki kwa kosa la kuua mkuu wa ofisi ya Hitler, Philipp Bouhler, ambaye alikuwa msimamizi wa mpango huo. Na akayaandikia makao ya wagonjwa kuyakataza yasimtoe mtu wake hata mmoja bila ruhusa yake. Aliitwa mbele ya Waziri, akaonyeshwa karatasi yenye sahihi ya Hitler iliyotoa idhini. Akajibu kwamba karatasi ile si sheria. Akaambiwa kwamba asiyekubali amri ya Hitler kuwa ndiyo sheria hawezi kukaa katika kiti cha hakimu. Mwaka 1942 akaondolewa kazini akiwa na umri usiotimia miaka 44, akarudi shambani kwake, akalima. Katika shamba hilo, kabla vita havijaisha, aliwaficha wanawake wawili wa Kiyahudi.

Tumekawia hapa kwa makusudi. Mtu huyu, vita vilipokwisha, alikuwa na haki kuliko wengi ya kusema “wao”: wao waliua, wao walichoma, mimi sikuwamo. Hakusema hivyo. Katika kila neno aliloliandika baadaye juu ya makosa ya taifa lake alisema “sisi”. Nasi twaona kwamba safari za vijana tunaowasimulia zilitokana na neno hilo moja.

Mara ya kwanza alijaribu mwaka 1954, katika mkutano mkubwa wa Wakristo uliofanyika Leipzig, na wito wake haukupata watu. Mwaka huohuo, upande mwingine wa Ujerumani, wito wa jinsi nyingine ulitolewa na ukasikika. Huko Neuendettelsau, katika Bavaria, nyumba ya mashemasi wa kike iliyoanzishwa na mchungaji Wilhelm Löhe mwaka 1854 ilikuwa ikiadhimisha miaka mia, na mkuu wake, Hermann Dietzfelbinger, aliwaomba wasichana wathubutu kutoa mwaka mmoja tu wa maisha yao kuwatumikia wagonjwa na wazee. Zamani msichana aliyetaka kazi hiyo aliingia ushemasi kwa maisha yake yote. Lakini wenye kufanya hivyo walikuwa wakipungua, na wagonjwa walikuwa wakizidi. Basi mwaka mmoja! Makanisa mengine yakafuata, na mwaka 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi likatunga sheria ya kuwalinda vijana wanaofanya mwaka wa namna hiyo. Kwa hiyo wazo la kuondoka nyumbani kwa mwaka mmoja halikuwa la Bwana Kreyssig peke yake. Lake lilikuwa mahali pa kwenda.

Tarehe 30 Aprili 1958 sinodi ya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yote ilikuwa ikimaliza kikao chake katika Berlin. Kilikuwa kikao kichungu. Wajumbe walikuwa wamegombana juu ya silaha za atomiki na juu ya wachungaji wa kijeshi. Ndipo Bwana Kreyssig akasoma wito wake. Alisema, kwa maneno tunayoyafupisha, kwamba sisi Wajerumani tulianza vita na tukaua mamilioni ya Wayahudi. Kwamba hata wale kati yetu ambao hawakutaka hayo hawakufanya ya kutosha kuyazuia. Na kwamba bado hatuna amani kwa sababu hatujapatana. Kisha akayaomba mataifa yaliyoumizwa yatupe ruhusa, kwa mikono yetu na kwa mali yetu, kujenga kitu chema katika nchi zao: kijiji, kanisa, hospitali, cho chote wanachokitaka wao. Akataja tatu kwa jina: Poland, Urusi na Israeli. Vijana waende kwa mwaka mmoja.

Jina la kazi hiyo kwa Kijerumani ni Aktion Sühnezeichen, nalo latupasa kulipima katika lugha yetu, maana laweza kupotoshwa. Si fidia, fidia huhesabiwa, na ikishalipwa mdai hana neno tena. Wala si kafara, inayochinjwa ili balaa limwondokee aliyeitoa. Ni ishara tu ya kitubio. Nani angeweza kulipa fidia ya Auschwitz kwa matofali? Bwana Kreyssig alijua hayo, na kwa hiyo alichagua neno dogo. Ishara yaweza kukataliwa, na aliyeitoa hadai kitu.

Nayo ilikataliwa. Katika zile nchi tatu zilizotajwa, hakuna hata moja iliyofungua mlango wakati ule. Wa kwanza kuitikia walikuwa Waholanzi na Wanorwe, ambao nao walikuwa wametawaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1940 hata 1945. Mwaka 1959 kundi moja likaenda Ouddorp katika Uholanzi, kujenga nyumba za mapumziko kwa jamaa za wafanya kazi. Na makundi mengine yakaenda Norwe ya kaskazini.

Huko kaskazini ya mbali kuna jimbo liitwalo Finnmark. Nchi hiyo iko juu sana katika ramani, hata wakati wa baridi jua halichomozi kwa muda upatao miezi miwili. Majira ya mwisho wa mwaka 1944, jeshi la Ujerumani lilipokuwa likirudi nyuma mbele ya Warusi, lilipewa amri lisiache nyumba ya kukaa mtu. Nyumba zaidi ya 10,000 zikachomwa, pamoja na makanisa, shule, hospitali, vibanda vya samaki na mashua; watu wapatao 50,000 wakahamishwa kwa nguvu, na maelfu wengine wakajificha mapangoni na katika vibanda vya udongo, majira ya theluji yakiwa yanaingia. Katika kijiji cha Kokelv, wanakokaa Wasami wa pwani, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile, kanisa pia liliteketea. Vijana wa Kijerumani wakaja wakalijenga upya, na mwaka 1960 likawekwa wakfu. Lipo hata leo.

Fikirini, wasikilizaji, jinsi ilivyokuwa kwa mwanamke wa kijiji kile. Miaka 15 tu imepita. Anaisikia tena mbele ya mlango wake lugha ileile iliyotoa amri ya moto, na wanaoisema ni vijana wa umri uleule waliokuwa nao wale askari. Wengi wa vijana hawa walikuwa watoto wakati wa vita. Hawakushika kibiriti. Lakini mwenye nyumba iliyochomwa hana wajibu wa kuanza kwa kuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mgeni wake. Ilimpasa mgeni kuvumilia kutazamwa, na kufanya kazi, na kungoja. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuja na jembe tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, maana hawakuja kutoa hotuba. Walipewa chakula, mahali pa kulala na fedha kidogo za matumizi, basi. Aliyejua uashi au useremala aliwafundisha wenzake.

Na nyumbani je? Si kila mzazi aliyefurahi kumwona mwanawe anafunga mzigo. Katika miaka ile watu wengi wa Ujerumani walikuwa wamekaa kimya juu ya yale waliyoyafanya au waliyoyaona, na kijana aliyesema kwamba anakwenda Norwe au Uholanzi kutubu alikuwa kama anayesema mezani, mbele ya baba yake, neno ambalo halijapata kusemwa katika nyumba hiyo. Labda hapo ndipo palipokuwa na uzito wa kuondoka, kuliko baridi ya Finnmark. Kwetu sisi, ambao tumefunzwa kuwasitiri wazazi, jambo hili si jepesi kulihukumu, wala hatutaki kulihukumu upesi. Lakini mtoto anayebeba tofali kwa ajili ya kosa la nyumba yake hatudhani kwamba anamvua baba yake nguo. Anasaidia kulipa deni ambalo baba mwenyewe hakuthubutu kulitaja.

Baada ya miaka miwili mitatu milango ikazidi kufunguka. Katika kijiji cha Taizé, Ufaransa, vijana walijenga kanisa kubwa la Upatanisho lililofunguliwa mwaka 1962. Katika mji wa Coventry, Uingereza, ambao ndege za Kijerumani ziliupiga usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 na kuliteketeza kanisa lake kuu la kale, kundi la vijana wa Kijerumani lilikaa miezi kadhaa kati ya 1961 na 1962 likitengeneza sehemu ya magofu yale iwe mahali pa kukutanikia watu wa mataifa mbalimbali. Wenyeji wa Coventry hawakupokea tu. Mwaka 1965 vijana wa Kiingereza waliondoka makwao wakaenda Dresden, katika Ujerumani ya Mashariki, mji ambao ndege za Waingereza na Waamerika ziliuchoma mwezi wa Februari 1945 na kuua watu wapatao 25,000. Huko wakasaidia kujenga upya hospitali ya mashemasi wa kike iliyobomolewa na mabomu. Twapenda habari hii, kwa sababu haikuandikwa katika mkataba wo wote. Aliyepigiwa hodi alikwenda naye akapiga hodi.

Israeli ilikuwa mlango mzito kuliko yote mpaka hapo. Kundi la kwanza liliingia mwaka 1961, mwaka uleule ambao Adolf Eichmann, mmoja wa wakuu wa mpango wa kuwaangamiza Wayahudi, alihukumiwa katika Yerusalemu, na mashahidi wakasimulia mbele ya ulimwengu yale ambayo hata majirani zao walikuwa hawajayasikia. Vijana hao walifanya kazi katika kijiji cha ushirika cha Urim, katika jangwa la Negev. Katika nchi hiyo wakati ule palikuwa na watu wengi wenye namba ya kambi iliyochanjwa mkononi. Mlango wa Poland ulifunguka kidogo kidogo. Mwezi wa Agosti 1961 ukuta wa Berlin ulikuwa umeigawa hata kazi hii yenyewe sehemu mbili, na vijana wa Mashariki wakazuiwa kwenda ng’ambo. Walakini mwaka 1965 baadhi yao walifika Auschwitz wakafanya kazi ya mikono katika mabaki ya kambi, na wenzao wa Magharibi wakafuata baadaye. Mwaka 1986, katika mji huo ambao Wapoland huuita Oświęcim, ikafunguliwa nyumba ya kukutania vijana. Kutoka siku ya wito mpaka nyumba hiyo ilipita miaka 28. Bwana Kreyssig alikufa mwaka huohuo.

Kazi yenyewe ilibadilika kwa kadiri miaka ilivyokwenda. Majengo yaliyobomolewa yalikwisha kujengwa. Watu walioumizwa walikuwa wakizeeka. Basi vijana wakaacha kwenda kwa makundi ya waashi, wakaenda mmoja mmoja: kumsindikiza sokoni bibi aliyenusurika kambini, kumsomea gazeti mzee asiyeona, kuwatunza watu wenye ulemavu wa akili, ambao ni wa aina ileile ya wale wagonjwa wa Brandenburg, au kuwaongoza wageni katika makumbusho. Hata sasa zaidi ya vijana mia huondoka kila mwaka kwa njia hiyo. Kubeba matofali kulikuwa rahisi zaidi, twadhani. Tofali halikuulizi babu yako alikuwa wapi.

Sasa tufike kwetu. Wito wa mwaka 1958 ulitaja Poland, Urusi na Israeli; haukutaja Songea. Hatusemi hivi kwa kulaumu, kwa kuwa majeraha ya Ulaya yalikuwa bado mabichi. Lakini watu wa kusini ya Tanganyika walikuwa nao na nyumba zilizochomwa. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, jeshi la Wadachi lilichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba ili njaa imalize kazi ya bunduki. Wako wanahistoria wanaohesabu wafu hadi 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa hiyo. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Ikapita miaka 117. Ndipo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea, katika makumbusho ya Maji Maji, akakutana na wazao wa Nduna, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani wa zamani, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la kichwa cha babu yao. Wazao wake walikuwa wakilidai tangu zamani.

Vijana wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kutangulia kuja. Tangu mwaka 2008 serikali yao hutoa fedha kwa vijana wa umri wa miaka 18 hata 28 wanaotaka kukaa mwaka mmoja katika nchi kama Tanzania, na aghalabu hupitia makanisa na misheni. Huonekana katika shule za watoto, katika hospitali, na katika makao ya yatima. Mpango huu si wa kitubio. Umetajwa kuwa wa kujifunza, na wenyeji wengine huuliza, kwa haki, ni nani anayemsaidia nani, maana kijana wa miaka 19 asiyejua Kiswahili wala kazi yo yote ni mtoto wa kulelewa kabla hajawa msaidizi. Sisi hatuoni aibu katika swali hilo. Wale wa Kokelv pia walifundishwa na wenyeji mengi. Tofauti ni kwamba wao walijua kabla ya kuondoka nyumba ile ilichomwa na nani. Kijana anayekuja Ruvuma au Kilwa leo bila kusikia neno Maji Maji amekuja na mzigo usiotimia, na ni kazi ya wanaomtuma kumweleza kwanza.

Tangu mwaka 2013 mpango huohuo una njia ya pili: vijana wa nchi za kusini, wa Tanzania wakiwamo, huondoka makwao kwenda kutumika Ujerumani kwa mwaka. Wazazi huwafungia unga na viungo, wakawanunulia koti zito mtumbani. Wengi hupelekwa katika shule za watoto wadogo, katika makao ya wenye ulemavu na katika nyumba za wazee. Katika nyumba hizo kazi huanza asubuhi na mapema. Na jambo la kwanza wanalofundishwa, ambalo wao wamelijua tangu utoto, ni kugonga mlango wa chumba cha mzee, na kungoja aitikie.